Duara Langu Linahitaji Msomi

Jumatatu, 2 Machi 1981

Jana Jumapili, saa nane mchana, nimempoteza mtaalamu wa miamba. Nilikuwa naye miaka kumi na miwili. Ameniponyoka mezani, kati ya ugali na mlenda.

Niandike sawasawa, ili nikifa watu wajue nani alianza. Coletha, binti yangu wa pekee, amemaliza ile miaka miwili ya kazi ambayo serikali inataka mtu aifanye kabla ya chuo kikuu. Kaifanyia Kahama, ofisi ya kilimo, akijumlisha marobota ya pamba. Sasa amerudi nyumbani na fomu ya kuchagua masomo. Nikamwambia ajaze Jiolojia. Nilisema taratibu, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi. Akasema, baba, mimi najaza Takwimu. Akaendelea kula.

Takwimu. Yaani kuhesabu. Mimi nahesabu tangu nilipokabidhiwa mizani ya pamba ya ushirika mwaka 1959, na hakuna chuo kilichonifundisha. Kwa kuhesabu nimejenga nyumba ya bati. Kwa kuhesabu nimenunua mashine ya kusaga. Mtu haendi Dar es Salaam kusomea kitu kilichomo ndani ya damu yake.

Na duara je? Nyuma ya nyumba nina duara, ndivyo wachimba dhahabu wanavyoita shimo lao. Futi thelathini na nane kwenda chini. Ng'ombe tisa wameingia humo mmoja mmoja, na mpaka leo limenipa udongo mwekundu, udongo mweupe na chura. Dhahabu ipo. Bulyanhulu wanaipata, na kutoka Bulyanhulu hadi hapa ni saa mbili kwa baiskeli. Mwamba hauwezi kukata tamaa njiani. Kinachokosekana ni msomi wa kunionyesha unapopita, na msomi huyo nilimzaa mwenyewe. Kwa kuwa sina kibali, serikali ya kijiji inajua nachimba kisima.

Mama Coletha akauliza kama katika miaka hiyo kumi na miwili nimewahi kumwuliza mtoto anapenda nini. Nimeishi miaka mingapi na mwanamke huyu na bado hanielewi. Nani anauliza mbegu ya pamba kama inataka kuwa pamba?

Fomu inaondoka Jumamosi. Coletha ataipeleka mwenyewe posta ya Kahama. Kwa hiyo nina wiki hii tu.


Jumanne, 3 Machi

Nimeanza kwa hoja. Nilimwita kwenye kibanda cha mashine, mahali penye heshima, ingawa mashine haijanguruma tangu Desemba kwa kukosa dizeli. Nikamweleza maisha ya watu wa miamba. Landrova. Mahema. Buti za kufunga kamba. Kofia ngumu. Nyama ya makopo. Nikamwuliza mtu wa takwimu yeye anapewa nini. Akasema penseli. Nikasema, umeona. Akasema penseli haijawahi kumfukia mtu.

Nikabadili njia. Nikamwuliza mwanamume gani ataoa mke ambaye kazi yake ni kuhesabu. Akasema mama aliolewa na mtu wa namna hiyohiyo na bado anapumua. Nje Mama Coletha alikuwa anapepeta uwele. Nikasikia ungo umesimama. Kisha kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Mchana nikapita kwa Pantaleo, jirani yangu na balozi wetu wa nyumba kumi, nitafute huruma. Kosa kubwa. Aliniambia nishukuru, wangu angalau anachagua. Mwanawe Gelasius kidato cha nne kimemtema, sasa anachunga mbuzi na kupiga miluzi. Halafu akaniuliza kisima kinaendeleaje, maana huu ni mwaka wa tatu na hajaona hata kata ya maji. Anajua. Anapenda tu kuniona nikitafuta maneno. Nikasema maji ya upande wetu yako chini sana. Akasema bila shaka, Baba Coletha, tena yanang'aa. Mkewe akaingia ndani haraka, kitenge mdomoni.


Jumatano, 4 Machi. Majivu

Asubuhi misa. Nikapakwa majivu. Padri akasema Kwaresima hii tuache ushirikina. Alitutazama wote lakini aliniona mimi. Na sikuwa nimefanya lolote bado.

Mchana nikaenda kwa Makoye.

Makoye ni mfumu. Anapasua kifaranga na kusoma yaliyomo ndani. Sharti lake ni moja: mwenye shida aje na kifaranga wa kwake mwenyewe, amtemee mate mdomoni huku akitaja shida yake, ndipo kisu kifanye kazi. Hapo palikuwa na tatizo. Kuku wangu wote waliisha kwa mdondo mwezi wa kwanza.

Lakini kuna kuku wa Pantaleo, ana vifaranga saba, anashinda uani kwangu. Nikapiga hesabu. Wanakula kwangu kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Kwa Pantaleo wanalala tu. Kwa maana hiyo katika kila kifaranga, robo tatu ni mtama wangu. Nikamchukua mmoja, mwenye manyoya miguuni, nikamtia ndani ya kofia. Robo ya Pantaleo nitaifidia siku nyingine.

Makoye aliniuliza, kama anavyomwuliza kila mtu, kifaranga ni wa nani. Nikasema wangu. Nikatema mate, nikataja shida yangu, majivu yakiwa bado kwenye kipaji. Makoye akapasua. Akainama muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, kwa Kisukuma na polepole, kwamba mtoto wa nyumba hii ataingia ardhini na atatoka akiwa mzima. Atakula meza moja na Wazungu. Karatasi itamwita aende kusoma habari za mawe. Tufurahi, tusimzuie.

Nilirudi kwa baiskeli na sikushika breki mteremko wote.


Alhamisi, 5 Machi

Shida ya habari njema ni kwamba siwezi kusema nimeipata wapi. Mama Coletha ni katibu wa kina mama wa parokia. Nikaigeuza ndoto. Wakati wa uji, bila sukari kama kawaida ya mwaka huu, nikasema nimemwota marehemu mama yangu amesimama juu ya jiwe kubwa, ameshika nyundo, anamwita Coletha. Coletha akauliza bibi alikuwa amevaa nini. Nikasema kofia ngumu. Mama Coletha akasema mkwewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kuvaa hata kandambili, hiyo kofia kaazima kwa nani huko aliko. Wakacheka wote wawili. Nimekula uji wangu peke yangu nikiwa kati yao.

Jioni balozi aliita nyumba zote kumi. Ajenda moja: kifaranga. Pantaleo alisimama na yule kuku, mama wa kifaranga, kwapani, kama shahidi. Akasema hana uchungu wa kifaranga, ana uchungu wa tabia, maana leo kifaranga, kesho ndama. Paskalina, yule mjane wa nyumba ya mwisho, akasema labda ni mwewe. Pantaleo akasema mwewe angechukua na mwingine, huyu mwizi ana kiasi, huyu ni mtu wa hesabu. Watu wakacheka. Nikaona bora niwe mbele kuliko nyuma. Nikasimama, nikapendekeza mwizi akipatikana alipe kuku mzima, tena jike. Imepita kwa sauti moja. Nikapigiwa makofi.

Kuku alikuwa ananitazama mimi tu.


Ijumaa, 6 Machi

Tangu Jumatatu Coletha amekuwa akichukua baiskeli na kutoweka. Nilidhani anamtembelea mama yake wa ubatizo. Kumbe alikuwa anapita kwenye maduara yote kutoka hapa mpaka Bulyanhulu. Alimwuliza kila mwenye duara amechimba futi ngapi, tangu lini, na nini kimetoka. Wachimbaji wenyewe husema uongo wao kwa wao, lakini kwa binti mwenye adabu, anayesema shikamoo na kukaa kwenye mchanga, wamesema kweli.

Leo mchana akanikalisha kwenye gogo kando ya duara langu. Akanieleza. Maduara sitini na moja, bila la kwangu. Manne yametoa dhahabu. Katika hayo manne, matatu yamerudisha tu kile yalichokula. Moja ndilo lililompa mtu nyumba, na mwenye nyumba alifukiwa kwenye duara lake la pili. Nyumba ipo. Inakaa mbuzi.

Akasema, baba, hii ndiyo kazi ninayotaka kuisomea. Mtu wa miamba angekuja hapa akwambie mwamba unaelekea wapi, na wewe ungeufuata. Hangekuambia uache. Mimi nataka kuwa yule anayesema basi, kabla mtu hajauza ng'ombe wa kumi. Akanionyesha ukuta wa mashariki, unavyomeguka. Akasema anataka akirudi likizo anikute. Kisha akatazama pembeni. Mimi nikatazama pembeni upande mwingine.

Alipoondoka nikaikagua hesabu yake. Nikaikagua tena. Haina kosa. Sijawahi kuwa na fahari na hasira kwa wakati mmoja kiasi hiki.

Ila kuna kitu hakukiona, na si kosa lake, bado hajafika chuo. Kama maduara hamsini na saba yamekosa, maana yake ni kwamba kukosa kumekaribia kwisha. Zamu inakuja. Nimekaa kwenye mizani miaka mingi, najua: ikilala sana upande mmoja, lazima iinuke. Duara linalofuata ni langu.

Kwa hiyo fomu haiwezi kuondoka kesho.


Jumamosi, 7 Machi

Basi la Kahama linapita barabara kuu saa mbili asubuhi. Kutoka hapa hadi barabarani bila baiskeli hufiki kwa wakati. Niliamka mapema, nikang'oa valvu ya gurudumu la nyuma, nikaitia mfukoni. Mpango ulikuwa safi. Fomu ikichelewa, chuo kinangoja mwaka mwingine. Mwaka mzima nyumbani, na mimi kila siku mezani. Hata jiwe lingebadili mawazo.

Coletha akaliona gurudumu. Alitazama mfuko wangu, si uso wangu, kisha akatembea na bahasha yake mpaka kwa Pantaleo.

Pantaleo ambaye hajawahi kumwazima mtu hata mpini wa jembe, leo katoa baiskeli yake mpya. Katoa na Gelasius wa kuiendesha. Tena akamwambia aiache kwa fundi pale barabarani, apande basi na Coletha mpaka Kahama, akanunue dawa ya kuogeshea mifugo. Wakapita mbele ya nyumba yangu. Gelasius akapiga kengele mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Coletha alikaa nyuma, bahasha kifuani. Hakugeuka.

Mama Coletha amepika, akaweka chakula mezani, na hakunikaribisha. Katika ndoa yetu hilo halijawahi kutokea. Nimerudisha valvu. Hakuna aliyenishukuru.


Alhamisi, 12 Machi

Siku ya kumzika mtu akiwa hai.

Jumamosi ile, nje ya posta ya Kahama, gari la watafuta madini lilikuwa limezama kwenye tope. Wazungu wawili na dereva. Gelasius akavua shati akasukuma. Wakamwuliza kama anazijua sehemu za huku. Mtu aliyechunga mbuzi anajua kila jiwe lilipo, hata lile lililompiga kidole. Akawaeleza. Leo wamekuja na Landrova mpaka kwa Pantaleo. Wamemchukua kazi. Atashuka nao mashimoni, atalala kambini kwao, atakula nao. Na mwezi wa tisa wanampeleka chuo cha madini, barua ameshapewa.

Buti za kufunga kamba. Kofia ngumu. Nimeziona kwa macho yangu, juu ya kichwa ambacho wiki iliyopita kilikuwa kinanuka beberu.

Nilikaa kwenye kinu. Nikayarudia maneno ya Makoye. Ataingia ardhini. Atakula na Wazungu. Karatasi itamwita. Mtoto wa nyumba hii. Nyumba ya nani? Ya kifaranga.

Nikaenda kwa Makoye nimepandwa na hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena swali lake: kifaranga alikuwa wa nani? Nikasema robo tatu wangu. Akasema kifaranga hajui nani alimwaga mtama, anajua alipoanguliwa. Akasema ameifanya kazi hii tangu Mwingereza yupo na hajawahi kuona mtu akitembea safari yote hiyo kwenda kumwombea jirani yake, tena kwa mate yake mwenyewe. Akacheka akashika nguzo ya mlango. Akawaita na wakeze waje wanione.

Nilifikia hali ya kumweleza Mama Coletha kila kitu. Hakushtuka habari ya Makoye, wala ya kifaranga. Alisema tu kwamba Gelasius alisukuma gari. Nikasema husikii, ni mate yangu. Akasema alisukuma gari, Baba Coletha. Akarudi kwenye uwele wake.


Jumapili, 15 Machi

Baada ya misa nilimfuata Pantaleo. Nilikuwa nimejipanga vizuri. Mate yangu mdomoni mwa kifaranga. Shida yangu. Na baiskeli yangu kukosa upepo ndiyo sababu mwanawe alifika Kahama. Kwa hesabu ya haki, nusu ya Gelasius ni mali yangu. Nikamwambia sitaki nusu ya mshahara, mimi si mtu wa tamaa. Nataka nusu ya macho. Aje siku moja, atembee kwenye shamba langu, anyooshe kidole, aende zake.

Pantaleo alinisikiliza macho yamefumba. Nikadhani maneno yamemwingia. Akafumbua jicho moja, akasema: kumbe ni wewe, Baba Coletha.

Nyumba kumi zimekaa mchana huohuo. Nimelipa kuku mzima, jike, kwa pendekezo langu mwenyewe. Paskalina alinikopesha na akasema atanikumbusha kila akiniona. Gelasius alikuwepo. Hakusema atakuja, hakusema haji. Alikuwa anafunga kamba za buti, polepole, kama mtu anayefunga zawadi.

Tukiwa kikaoni mvua ikaja. Mvua ya kupiga bati mpaka watu hawasikilizani. Ukuta wa mashariki wa duara ukaporomoka wote.

Jumapili saa kama hizo mimi huwa chini na sururu, kwa sababu ndipo balozi huwa amelala. Coletha alijua hivyo. Habari ya kikao hakuwa nayo. Wanasema alitoka mbio kichwa wazi, akaita kwenye lile tope mpaka sauti ikakauka, akaanza kufukua kwa mikono. Mimi nilirudi kwa njia ya mbele, nikikung'uta kofia. Nikamkuta amekaa kwenye matope, kucha zimevunjika. Akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, kama mtu anayehakikisha mzigo haujapungua. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimekaa nje mpaka mvua imeisha.


Alhamisi, 19 Machi

Coletha ameondoka leo. Anakwenda kwa shangazi yake, Shinyanga, akangoje huko majibu ya chuo. Kwa shangazi, alisema, hakuna shimo.

Nilimsindikiza hadi barabarani, baiskeli imebeba sanduku lake. Tulitembea tangu alfajiri, mashamba ya pamba kila upande, pamba ya mwaka huu nayo ni mbaya. Tulipofika akaniomba kitu kimoja. Nisilichimbe lile duara tena. Nikamwambia lile sitaligusa, limekwisha. Hapo sikusema uongo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniamkia kama anavyoniamkia tangu mdogo. Nikaitikia marahaba, ikatoka vibaya.

Kabla ya kupanda basi akaniambia ameongeza la kwangu kwenye hesabu yake. Sasa yaliyokosa ni hamsini na nane. Alisema kwa huzuni, nadhani alitaka nisikie uzito wa neno hilo.

Nimeusikia. Nimeusikia njia yote ya kurudi. Hamsini na saba ilikuwa karibu. Hamsini na nane ni karibu zaidi.

Nimepima mahali pengine, upande wa pili wa choo, ambapo udongo una rangi ya kutu. Huko hakuna ukuta wa mashariki. Mama Coletha aliniona na kamba ya kupimia, akaacha ungo chini, akaenda kwa Paskalina na mpaka sasa hajarudi.

Nimetuma neno kwa Pantaleo, kwa mdomo wa mtu aliyekuwa anapita, bila salamu. Gelasius anakuja kunionyesha mwamba unapopita, au haji? Sitaki habari za kibali. Sitaki habari za kuku. Sitaki tutaona, sitaki Mungu akipenda. Ndiyo au hapana, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Saa saba nachimba.